Maswali ya Wasomaji: The Sims, Toleo la Zamani au la Sasa?

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu The Sims, mfululizo wa michezo ya kompyuta ambamo mchezaji hapigani vita wala hashindanii ubingwa, bali hulea familia, hujenga nyumba na kuongoza maisha ya watu wadogo wanaoishi ndani ya skrini. Ili tuelewane tangu mwanzo, toleo la kwanza lilitoka mwaka 2000, la pili 2004, la tatu 2009 na la nne 2014, na yote yamechapishwa na kampuni ya Electronic Arts. Barua zenyewe tumezifupisha.

*Mhariri mpendwa, nilipokuwa shuleni nilicheza sana The Sims 2 kwenye kompyuta ya kaka yangu, kisha nikaachana na michezo kwa miaka mingi. Sasa nina kompyuta ya kawaida ya kazi, nami natamani kurudi. Rafiki yangu ananishauri nipakue The Sims 4 kwa kuwa ndiyo mpya na haina malipo, ilhali dada yake anasisitiza kwamba toleo hilo halina uhai na kwamba afadhali nirudie la pili. Je, inawezekana kweli kitu cha mwaka 2004 kikashinda cha sasa? (Mchezaji wa Zamani)*

Ndugu Mchezaji wa Zamani, rafiki yako ana haki, na dada yake naye ana haki, maana kila mmoja anapima kitu chake. Wengi hudhani kwamba The Sims 4 ni The Sims 2 iliyoongezewa mambo, na sivyo ilivyo. Kila toleo lilijengwa upya tangu msingi, na kila mara watengenezaji walilazimika kuamua ni jambo gani liwe uti wa mgongo wa mchezo na ni lipi liachwe. Ndiyo maana toleo jipya linaweza kuwa limepiga hatua kubwa upande mmoja na kurudi nyuma upande mwingine.

Uti wa mgongo wa The Sims 2 ulikuwa umri. Katika toleo la kwanza mtoto alibaki mtoto na mtu mzima alibaki mtu mzima hata ungecheza mwaka mzima. Toleo la pili ndilo lililoleta safari nzima ya maisha, kuanzia kichanga na mtoto anayefundishwa kutembea, kusema na kutumia poti, hadi uzee na kifo. Pamoja na umri ukaja urithi wa sura, ambao ulitungwa kwa uangalifu unaonishangaza hadi leo. Nywele nyeusi na za kahawia huzishinda zile za rangi ya dhahabu na nyekundu, lakini rangi iliyoshindwa haipotei, hujificha tu. Kwa hiyo wazazi wawili wenye nywele nyeusi, ikiwa wote wamebeba wekundu ndani yao, huweza kumzaa mtoto mwenye nywele za bibi yake aliyekwisha kufariki, nawe hukupanga jambo hilo wala hukulitarajia.

Halafu kuna kumbukumbu na hofu. Kila mhusika wa toleo la pili huandikiwa mambo makubwa yaliyompata: busu la kwanza, kufukuzwa kazi, kufiwa na mzazi, kumfumania mwenzi wake. Mambo hayo hayafutiki kesho yake, na huja kuzungumzwa na wahusika wengine. Kila mmoja ana matamanio yake na hofu zake, na hofu zikitimia moja baada ya nyingine, mhusika huporomoka kabisa hadi tabibu wa akili anatokea ghafla kumtuliza. Lililompata humuumiza, nawe unaona kwamba limemuumiza.

Tazama pia asubuhi ya kwenda kazini. Katika The Sims 2 gari linakuja kumchukua mfanyakazi, dereva anapiga honi, mhusika anaacha chakula nusu sahani, anatoka mbio, anafungua mlango wa gari, anaketi na gari linaondoka. Katika The Sims 4 anatembea hadi ukingoni mwa kiwanja na kutoweka. Ni jambo dogo, na si kila mtu humsumbua, lakini mambo madogo ya namna hiyo yakiwa mengi ndiyo yanayomfanya dada wa rafiki yako aseme kwamba toleo jipya halina uhai.

Hata hivyo asikudanganye kwamba toleo la nne halina lake. Uti wa mgongo wake ni hisia na uumbaji. Wahusika wake huwa na huzuni, hasira, aibu, msisimko, utulivu wa kazi na nyingine kadhaa, na hisia hizo hubadilisha kile wanachoweza kufanya, kwani mchoraji aliyejaa hamasa huchora picha bora kuliko aliyechoka. Zikipita kiasi huua, maana mhusika anaweza kufa kwa kucheka, kwa hasira au kwa aibu, kifo ambacho toleo la pili halikuwahi kukifikiria. Wanaweza pia kula huku wakizungumza na kutazama televisheni, mambo ambayo zamani yalikuwa na mipaka mingi. Udhaifu wa mpango huu, kwa maoni yangu, ni kwamba furaha hupatikana kwa bei rahisi mno: tundika picha nzuri ukutani, weka kiti kizuri, na familia nzima itashinda ikitabasamu bila sababu nyingine yoyote.

Kuhusu ujenzi hakuna ubishi. Katika The Sims 4 unakishika chumba kizima na samani zake ukakisogeza au ukakigeuza, unachagua kimo cha kuta, na ukishindwa unachukua nyumba iliyojengwa na mchezaji mwingine kupitia maktaba ya pamoja iliyomo ndani ya mchezo wenyewe. Sura za wahusika nazo huzifinyangi kwa vitufe vya kusogeza, bali unalishika shavu au pua kwa kipanya na kuvuta. Aliyezoea kujenga katika toleo hilo akirudi la pili atahisi kana kwamba amefungwa mkono mmoja.

Kwa hiyo jibu langu linategemea unachokitafuta. Kama raha yako ilikuwa kukaa na kuangalia familia ikijiingiza matatani, toleo la pili bado halijashindwa na lolote lililolifuata. Kama raha yako ilikuwa kubuni nyumba na watu, huna haja ya kurudi nyuma. Toleo la nne la msingi halilipiwi tangu Oktoba 2022, na kompyuta ya kazi isiyo na mbwembwe hulibeba bila taabu kubwa, hivyo hupotezi kitu ukianza nalo. Lea familia moja hadi wajukuu bila kutumia maneno ya siri ya kujipatia fedha, kisha ujiulize kama unakumbuka jambo lolote lililokupata bila wewe kulipanga. Ukikosa, litafute la pili. Januari 2025, mfululizo ulipotimiza miaka 25, matoleo ya kwanza na ya pili yalitolewa upya pamoja na karibu nyongeza zake zote, yakiwa yamerekebishwa ili yafanye kazi kwenye Windows 10 na 11. Usihangaike na diski za zamani, kwani kwenye kompyuta za leo nyingi huishia kuonyesha rangi za ajabu au kukataa kabisa kufunguka.

*Mhariri, ni kweli kwamba katika The Sims 2 familia usiyoicheza haizeeki? Naona kama ni hitilafu. (Mwenye Familia Nyingi)*

Ni kweli, na si hitilafu. Kila nyumba katika toleo hilo ina saa yake, na ukiiacha familia Jumatatu jioni, ukaenda kulea kizazi kizima katika nyumba nyingine, ukirudi utaikuta ingali Jumatatu jioni. Matokeo yake ni vituko: pacha mmoja akihamia kwake nawe ukaendelea kumcheza, anaweza kuzeeka na kufa huku mwenzake akiwa bado kijana. Wachezaji wazoefu huzizungukia nyumba zao kwa zamu, siku chache kila moja, ili umri uende sambamba. Toleo la tatu liliondoa usumbufu huo kwa kuufanya mji mzima uzeeke pamoja, na majirani huoa, huzaa na kuhama wenyewe bila idhini yako, jambo ambalo wengine hulichukia kuliko usumbufu wenyewe. Toleo la nne linakuachia uchague katika mipangilio kama wasiochezwa wazeeke au la, na tangu mwishoni mwa 2021 limeanza kuwapa majirani nao mabadiliko ya maisha, ambayo unaweza kuyaruhusu au kuyazuia nyumba kwa nyumba.

*Ndugu Mhariri, nimechoka kusoma watu wazima wakilia kwamba The Sims za zamani zilikuwa bora. Je, hayo si mapenzi ya utoto tu? Kila mtu husifu mchezo aliouchezea alipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili. (Asiye na Subira)*

Ndugu Asiye na Subira, sehemu ya hoja yako naikubali bila shuruti. Wanaolisifu toleo la kwanza aghalabu wanalikumbuka kwa muziki wake na kwa ule upya wake, si kwa kucheza kwenyewe. Wahusika wake walikuwa na mahitaji manane yaliyoshuka kwa kasi, kazini walikwenda kila siku bila mapumziko ya mwisho wa wiki, na saa zilizobaki ziliishia kwenye kula, kuoga, kwenda haja na kulala. Ukitaka kuwapa burudani, usafi uliporomoka, na ukiwapa usingizi, urafiki ulikufa. Kuna waliodai kwamba hapo ndipo utani wa mchezo ulipokuwa, na huenda ni kweli, lakini ni utani unaochosha upesi. Toleo la pili nalo lilikuwa na ugonjwa wake mbaya. Mchezaji aliyefuta kaburi ili kusafisha kiwanja aliweza kuuharibu mtaa mzima polepole, bila onyo lolote, kwa kuwa jina la marehemu lilikuwa limesambaa katika kumbukumbu za walio hai.

Wanaolalamika pia kwamba zamani hatukuuziwa mchezo vipande vipande, hapo wamesahau. Wanyama wa kufugwa waliuzwa kama nyongeza ya toleo la pili mwaka 2006, wakauzwa tena kwa ajili ya toleo la tatu mwaka 2011, na mara nyingine tena kwa ajili ya la nne mwaka 2017. Majira ya mwaka, yaani mvua, theluji na jua kali, yamepita njia hiyo hiyo: 2007, 2012 na 2018. Toleo la kwanza lenyewe lilikuwa na nyongeza saba. Kilichobadilika ni kwamba toleo la nne limeishi muda mrefu kuliko yote yaliyolitangulia, na nyongeza zake, kubwa kwa ndogo, zimerundikana hadi mgeni hajui aanzie wapi.

Ila yapo malalamiko ambayo hayahusiani na utoto wa mtu. The Sims 4 ilipotoka Septemba 2014 haikuwa na mabwawa ya kuogelea, ambayo yalikuwamo tangu toleo la kwanza, wala haikuwa na watoto wa umri wa kujifunza kutembea, waliokuwamo tangu la pili. Kichanga kilikuwa sawa na samani: kililala katika kitanda chake na hakikuweza kutolewa humo, kisha ghafla kikawa mtoto wa kwenda shule. Mabwawa yaliletwa kwa sasisho la bure Novemba mwaka huo huo, watoto wadogo wakasubiriwa hadi Januari 2017, na vichanga vya kubebwa na kutambaa hadi Machi 2023. Matamanio na hofu, zile nilizozitaja juu, zilirudishwa mwaka 2022. Mtu aliyehukumu toleo la nne mwaka 2014 alihukumu kwa haki. Asiyelifungua tena tangu wakati huo, huyo ndiye anayezungumzia mchezo ambao haupo tena.

*Mhariri mpendwa, kompyuta yangu ina kumbukumbu ya gigabaiti 16 na kadi nzuri ya michoro, lakini The Sims 3 inakwama mno, hasa nikiwa nimecheza kizazi kimoja au viwili. Imekuwaje mchezo wa 2009 ukaishinda mashine ya sasa? (Aliyekwama)*

Ndugu Aliyekwama, nguvu ya mashine yako haifiki pale mchezo unapouhitaji. The Sims 3 ya Windows ni programu ya biti 32, na programu ya aina hiyo haiwezi kutumia zaidi ya gigabaiti 4 za kumbukumbu hata ungekuwa na mara kumi yake. Wakati huo huo ndilo toleo lenye tamaa kubwa kuliko yote. Mji mzima uko wazi bila skrini za kusubiri, na unaweza kumfuata mhusika kutoka chumbani kwake hadi maktaba, akiendesha gari au baiskeli, huku kila mkazi mwingine naye akiwa na safari yake inayokokotolewa muda huo huo. Ongeza uwezo wa kubadili rangi na nakshi za karibu kila nguo, zulia na kiti, uwezo ambao haukuonekana tena katika toleo la nne na ambao mimi bado nausikitikia, na utaelewa kwa nini mzigo unazidi kila kizazi kinachozaliwa.

Kwanza weka kikomo cha picha 60 kwa sekunde kupitia mipangilio ya kadi ya michoro, kwa sababu mchezo huo hauna breki yake wenyewe na huweza kuichemsha kadi bure hata skrini ikiwa imetulia. Pili, kabla ya kufungua mchezo, ingia kwenye folda ya The Sims 3 iliyo ndani ya nyaraka zako ufute faili ambazo majina yake yanaishia na neno Cache. Mchezo utajitengenezea mpya, na familia zako hazitaguswa. Tatu, hifadhi kwa jina jipya kila baada ya muda badala ya kuandika juu ya faili ile ile, ili moja ikiharibika ubaki na nyingine. Mwisho, chagua mji mdogo. Isla Paradiso, mji wa visiwani uliokuja na nyongeza ya mwaka 2013, unapendeza kwa macho, lakini unajulikana kwa kuwanasa wakazi wake katika njia zisizopitika, na kila aliyenaswa anaendelea kutafuta njia na kuila mashine yako.

Na usitegemee kuingia kila jengo. Hospitali, mkahawa na jumba la sinema katika toleo hilo unayaona kwa nje tu: mhusika anaingia, nawe unabaki barabarani ukitazama ukuta hadi atoke.

*Je, ningoje The Sims 5 kabla ya kutumia fedha zangu? (Mwenye Tahadhari)*

Usingoje. Mwaka 2024 Electronic Arts ilieleza kwamba The Sims 4 itaendelea kuendelezwa, badala ya kuandaliwa toleo la tano la kuchukua nafasi yake. Mshindani yupo, inZOI ya kampuni ya Krafton ya Korea Kusini, iliyoanza kuuzwa Machi 2025 ikiwa bado haijakamilika. Sura za watu wake zinakaribia uhalisia, lakini inadai kadi ya michoro yenye nguvu ambayo kompyuta nyingi za kawaida hazina. Fedha zako, kwa sasa, ziweke kwenye nyongeza moja tu ya toleo la nne uliyoiona ikichezwa ukaipenda, wala usinunue mafungu kwa sababu yamepunguzwa bei.

*Mhariri, nina ukoo wa vizazi sita katika The Sims 2. Naweza kuuhamishia The Sims 4? (Mlezi wa Ukoo)*

Ndugu Mlezi, faili za toleo moja hazisomeki katika jingine, kwa hiyo hakuna njia ya kuuhamisha ukoo kama ulivyo. Unaweza kuuumba upya, na wapo wengi waliofanya hivyo, lakini usijaribu kuvileta vizazi vyote sita. Waliokufa waachie mahali walipo. Anza na walio hai wa mwisho, uwapige picha za uso wa mbele na wa ubavuni ndani ya mchezo wa zamani, uandike mwelekeo wa maisha wa kila mmoja, yaani kama alitafuta utajiri, familia, elimu, mapenzi au umaarufu, kisha umchagulie tabia zinazokaribiana katika toleo jipya. Urithi wa nywele ule niliousifia juu hautafuata, na kumbukumbu zao hazitafuata.

Watengenezaji wenyewe hawakujaribu kuuhifadhi mstari mmoja. Ukoo wa Goth, ambao umo katika matoleo yote manne, katika la kwanza una Mortimer na mkewe Bella wakiwa na binti mdogo, Cassandra. Katika la pili, linalosimulia miaka 25 baadaye, Mortimer ni mzee na Bella ametoweka. Toleo la tatu likarudi miaka 25 kabla ya la kwanza, na wote wawili ni watoto wanaosoma shule. La nne likawaanzishia hadithi nyingine kabisa, ambamo Bella yupo nyumbani kana kwamba hakupotea kamwe. Basi nawe una ruhusa ya kumfufua unayemtaka, na kumwacha nje yule mjomba aliyekuudhi.